Msafara wa Msiba Barabarani: Mwongozo wa Aliyeambiwa "Wewe Shika Usafiri"

Kwenye kikao cha msiba kazi hugawanywa haraka. Mmoja anashika daftari la rambirambi, wazee wanashughulikia jeneza na kaburi, akina mama wanaingia jikoni, na kijana mwenye leseni na simu yenye chaji anaambiwa, "Wewe, baba, shika usafiri." Basi. Hakuna anayemweleza kwamba kuanzia hapo amebeba dhamana ya gari la maiti, Kosta mbili, Noah kadhaa na gari ndogo za marafiki wa marehemu, zote zitoke Dar es Salaam zifike Rombo bila kupotezana na bila mtu kuumia. Mwongozo huu nimemwandikia yeye. Njia ya Dar kwenda Kilimanjaro nimeichukua kuwa mfano kwa sababu misiba mingi hupita huko. Anayekwenda Songea, Bukoba au Tarime atabadilisha majina ya vituo tu.

Kwanza sheria, kwa kuwa hapa ndipo wengi hujidanganya

Watu wengi wanaamini kwamba msafara wa msiba una haki ya kupita popote. Ukiwasha taa za hazadi, ukafunga kitambaa kwenye kioo cha pembeni na ukapiga honi mfululizo, basi taa nyekundu haikuhusu. Si kweli. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, wanaopewa nafasi ya pekee barabarani ni wa dharura: polisi wakiwa kazini, zimamoto, gari la wagonjwa na wengine wachache waliotajwa. Gari la maiti halimo katika kundi hilo. Mwili hauna dharura ya kiafya, hata kama familia ina haraka. Kenya nako mambo ni hayo hayo chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403.

Kinachotufanya tuachiwe njia ni heshima. Dereva wa daladala aliyekuwa anachomekea tangu asubuhi akiliona jeneza hupunguza mwendo, wengine huzima redio, na mzee aliyekaa kibarazani husimama na kuvua kofia. Ni jambo jema na tuliombee lidumu. Ila heshima huombwa, haidaiwi, na haiwezi kukutetea mahakamani ukimgonga mwendesha bodaboda aliyekuwa na taa ya kijani.

Ndugu zetu walioko Marekani husimulia mambo mengine, nao hawakosei. Katika jimbo la Ohio, kwa mfano, sheria inasema gari linaloongoza msafara wa mazishi likiingia makutano kihalali, yaliyo nyuma yake yanaweza kulifuata hata taa ikibadilika, mradi yawe na uangalifu, yawashe taa za mbele na kila moja liwe na kibendera cha zambarau na nyeupe. Huko ni sheria iliyoandikwa. Kwetu haipo, na aliyezoea ya Ohio asije akayaleta mataa ya Magomeni.

Liko jambo moja tu linaloweza kukuvusha kwenye taa nyekundu kihalali: mkono wa askari wa usalama barabarani. Ishara ya askari aliye kazini inashinda taa na inashinda alama. Kwa hiyo kazi yako ni ya namna mbili: kumwomba askari pale unapomhitaji kweli, na kuupanga msafara kiasi kwamba mahali pengine pote usimhitaji mtu yeyote.

Hatua ya kwanza: chagua magari, na uyakatae mengine

Mtaani kila mtu atakuletea gari. Jirani ana Fuso la kubebea mchanga, anasema vijana watapanda nyuma bure. Kataa kwa adabu. Gari la mizigo halibebi watu, na trafiki wa kwanza utakayekutana naye Kibaha atawashusha wote, mkabaki barabarani na jeneza.

Kosta ya daladala nayo ina njia yake iliyoandikwa kwenye leseni. Ya Mbagala kwenda Kariakoo haiwezi kujikuta Same bila kibali cha LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, cha kukodiwa nje ya njia. Mwenye gari atakwambia, "Usiwe na wasi, hiyo tutamalizana na trafiki njiani." Mwambie amalizane kabla ya safari, nawe uione karatasi. Sisemi hivyo kwa kuogopa faini. Gari linalofanya kazi ambayo halikukatiwa leseni linaweza kukosa bima siku ambayo bima inahitajika, na siku hiyo watakaobaki wakihangaika ni familia iliyokwisha kufiwa mara moja.

Likague gari mwenyewe jioni ya kuamkia safari, mchana bado upo. Tazama tairi kwa kuinama, siyo kwa kupita. Washa taa zote ukiwa na mtu nyuma anayekujibu. Uliza spea, jeki, kizima moto na pembetatu mbili za tahadhari. Kaa kwenye viti na uvute mikanda mmoja mmoja. Katika Kosta nyingi mikanda ipo lakini imefungwa fundo chini ya kiti kwa sababu hakuna anayeitumia.

Sasa jeneza. Hapa nitakaa kidogo. Wengi hukodi Kosta iliyoondolewa viti vya nyuma, jeneza likawekwa katikati na ndugu wa karibu wakakaa pembeni yake. Mara nyingi huwa limewekwa tu juu ya zulia, limeegemezwa begi kila upande. Jeneza la mninga likiwa na mwili ndani ni mzigo mzito, na dereva akifunga breki za ghafla kwenye mwendo wa 80 litakuja mbele kwa mwendo huo huo. Lifungwe kwa mikanda ya kufungia mizigo, ile yenye kufuli la kukazia, si kwa kamba ya manila. Mikanda miwili ipite juu yake, na kiwepo kizuizi upande wa mbele. Tena lisizibe njia ya mlango. Ukiweza, kodi gari la maiti lenye sehemu yake ya jeneza, ndugu wengine wapande gari lao. Bibi atalalamika kwamba anataka kukaa na mwanawe hadi mwisho. Mpe kiti cha mbele katika gari hilo hilo, afunge mkanda.

Hatua ya pili: karatasi kwenye bahasha moja

Bahasha hii hukaa ndani ya gari la maiti, mkononi mwa mtu mzima asiyelia ovyo. Iwe na taarifa ya kifo kutoka hospitali, kibali cha mazishi, na kama marehemu alifia nyumbani, barua ya serikali ya mtaa. Weka pia kibali cha LATRA na nakala za leseni za madereva. Kama kifo kilitokana na ajali au kuna uchunguzi wa polisi, hakikisha wamekwisha kuuachia mwili kwa maandishi. Mwili unaovuka mpaka, tuseme kwenda Taveta au Busia, una mlolongo wake wa vibali vya afya na vya nchi zote mbili. Lianze jambo hilo siku kadhaa mapema kwa kuwa dirisha moja likifungwa mapema, msiba mzima unalala mpakani.

Mkisimamishwa, mambo huwa mepesi mkiwa na bahasha.

"Afande, habari za kazi. Tuna msiba, tunatoka Muhimbili tunaelekea Rombo."

"Poleni sana, mama. Nani ana karatasi za marehemu?"

Akizisoma, mara nyingi huishia hapo, na wengine hupiga saluti. Asiyekuwa nazo huanza kupiga simu nyumbani jua linawaka, huku barafu ya kuhifadhi mwili ikiyeyuka.

Hatua ya tatu: saa ya kuondoka, na saa ya kutoondoka

Ningeambiwa niache hatua zote nibakize moja, ningebakiza hii.

Usiku wa Ijumaa tarehe 3 Februari 2023, huko Magira Gereza wilayani Korogwe, Kosta iliyokuwa imebeba mwili na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana uso kwa uso na Fuso. Taarifa za kwanza zilitaja vifo 17, wengi wao wa ukoo mmoja. Ilielezwa kwamba Fuso lilikuwa linajaribu kulipita gari jingine. Yaani waliokuwa kwenye Kosta hawakukosea lolote. Lakini ilikuwa inakaribia saa tano usiku, kwenye barabara ya njia mbili isiyo na taa, saa ambayo malori yameshika njia na macho ya madereva yamechoka.

Huwezi kumchagulia dereva wa Fuso akili. Saa unaweza kuichagua.

Tufanye hesabu. Dar hadi Moshi ni kilomita zipatazo 550 kwa kupitia Chalinze na Segera. Msafara wenye Kosta, ukihesabu vituo, matuta na foleni, haupati wastani wa zaidi ya 60 kwa saa. Huo ni mwendo wa saa tisa hadi kumi, na Rombo bado. Ratiba ya kawaida ya misiba yetu inasema kuaga saa nne asubuhi, kuondoka saa sita. Mchungaji anachelewa, wasifu unasomwa na watu watatu, foleni ya kuaga inazunguka ua mara mbili, na gari la kwanza linang'oa saa tisa alasiri. Hapo Kibaha mnaipita jioni, Segera saa mbili usiku, Same karibu na saa tano. Hakuna aliyeamua kusafiri usiku. Kila mtu alichelewa kidogo tu.

Dawa yake ni kutenganisha kuaga na kusafiri. Watu waage jioni, mwili urudi mochwari, safari ianze saa kumi na moja alfajiri. Mkifanya hivyo mtakula chakula cha mchana Same na mtafika Rombo jua lipo. Pamoja na hayo, kikao kikubaliane saa ya mwisho inayoruhusu kufika jua lipo: jeneza likiwa halijaingia garini kufikia saa hiyo, safari inahamia kesho alfajiri. Iandikwe kwenye ratiba, itangazwe siku mbili kabla, na mzee wa ukoo aisome kwa mdomo wake, kwa sababu kijana wa usafiri peke yake hatasikilizwa. Ndiyo, mabasi ya abiria yaliruhusiwa tena kutembea usiku tangu Oktoba 2023. Ila basi la kampuni lina dereva wa zamu aliyelala mchana. Dereva wa msiba alikuwa kwenye matanga.

Na hilo la matanga ni amri: dereva hakeshi. Atakayeendesha apewe kitanda mbali na turubai, spika na kahawa. Kwa safari ya saa kumi, kila Kosta iwe na madereva wawili wa kupokezana. Mtoto wa marehemu asiendeshe gari kabisa, hata kama gari ni lake na anajiona mzima. Utamwona ameshika usukani, macho makavu, na kipilefti anakiingia bila kutazama kulia.

Hatua ya nne: askari, na hao wanaojiita wasindikizaji

Kama msafara ni mkubwa, mathalani unatoka kanisani Kariakoo hadi makaburi ya Kinondoni siku ya kazi, peleka barua kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa mkoa, au kituo cha polisi cha wilaya, mapema kadiri mtakavyoweza. Eleza njia mtakayopita, idadi ya magari, saa, na makutano ambayo mnahofia mtakatika. Usiombe "eskoti" kana kwamba ni ziara ya waziri. Omba askari kwenye makutano mawili au matatu yaliyo magumu. Ombi dogo lenye ramani hupata jibu upesi kuliko ombi kubwa lisilo na maelezo.

Wakikupa pikipiki ya polisi ya kuwaongoza, kiongozi ni yeye kuanzia hapo. Mnamfuata kwa mwendo wake, na akiwaachia mpakani mwa wilaya, msafara unarudi kuwa magari ya kawaida papo hapo. Nimeona misafara inayoendelea kuvuka taa nyekundu kwa kilomita kadhaa baada ya askari kugeuza.

Wapo pia wasindikizaji wa kujitolea, hasa bodaboda wanapomzika mwenzao. Wanakuja na matawi ya miti, honi na mbwembwe, wengine wamesimama juu ya siti. Huzuni yao ni ya kweli, wala usiwafukuze. Waite viongozi wao kijiweni siku moja kabla na uwape kazi: pikipiki chache zitangulie, nyingine zifunge nyuma, abiria asizidi mmoja, kofia ngumu kichwani, na asitokee mtu wa kusimamisha magari ya watu katikati ya barabara. Kusimamisha magari ni kazi ya askari. Kijana aliyevaa kizibao cha kung'aa si askari, na lori likimkosa, lingine halitamkosa.

Ving'ora na vimulimuli usiguse. Hivyo ni vya waliopewa na sheria, na polisi wamekuwa wakivikamata kwenye magari ya watu binafsi. Ukikodi gari la wagonjwa kubeba mwili, mwambie dereva king'ora kibaki kimezimwa. Kikilia huku ndani kuna maiti, madereva wengine wanaosogea pembeni leo watasita kesho wakati kuna mama anayejifungua.

Hatua ya tano: mstari wa magari na kikao cha dakika kumi

Madereva wote wasimame pamoja kabla ya kuwasha injini. Wape karatasi yenye namba za magari kwa mpangilio, namba ya simu ya mtu aliyekaa kushoto kwa dereva (simu hashiki dereva), na vituo vitatu vya kukutana. Kwa njia yetu: sheli ya Chalinze, Segera, Same.

Mbele kabisa liwe gari dogo lenye dereva anayeijua njia na asiye na haraka. Nyuma yake gari la maiti. Kisha Kosta, kwa sababu ndizo nzito na ndizo zinazopaswa kuupangia msafara mwendo. Halafu gari ndogo. Mwisho kabisa kaa wewe mwenye usafiri, au fundi, ukiwa na pembetatu, jeki na sanduku la huduma ya kwanza. Watu hupenda kukaa mbele. Kiongozi wa kweli yuko nyuma, anaona kila kitu.

Kuhusu taa nina msimamo wangu, na wapo watakaoupinga. Washeni taa za mbele za chini, mchana kutwa. Hazadi zizimwe mkiwa mnatembea. Gari likiwa na hazadi linamulika pande zote mbili, na dereva wa nyuma hana njia ya kujua kama unakata kulia au unanyoosha. Hazadi ni za kusimama, au pale msafara unapopunguza mwendo ghafla. Kitambulisho chenu kiwe kitambaa kidogo kilichofungwa imara kwenye antena au kioo. Kenya wengi hutumia chekundu. Kisifunike namba ya gari wala taa, na kisipeperuke hadi kuziba kioo cha dereva.

Hatua ya sita: kutoka mjini

Hapa ndipo mtakatika, na mkubali tangu mwanzo kwamba mtakatika. Gari la tatu litapita mataa kwa kijani, la nne litakutana na nyekundu. La nne lisimame. Aliyeketi kushoto apige simu moja: "Tumebaki mataani, tuko wanne." Waliotangulia wasisimame hapo hapo wakaziba njia, waendelee taratibu hadi mahali palipokubaliwa, pembeni ya barabara pasipo na kituo cha daladala wala kivuko cha waenda kwa miguu, wangoje. Dakika tano zinatosha.

Njia ya mwendokasi Barabara ya Morogoro itawatamanisha, ni tupu na imenyooka. Si yenu. Kutanua bega la barabara pale Kimara nako si kwenu: bega lina akina mama wa ndizi na watoto wa shule. Kwenye kipilefti, anayetoka kulia tayari akiwa ndani ndiye mwenye haki, msiba au si msiba, na msafara hauingii wote kwa pumzi moja. Kila dereva anatazama mwenyewe na kuamua mwenyewe.

Kama foleni ya Kibaha inawatisha, pitieni Bagamoyo mtokee Msata. Wengi huipenda njia hiyo kwa utulivu wake. Mkipita Kibaha na Chalinze, kumbukeni mizani ya Vigwaza: magari kuanzia tani tatu na nusu hupimwa, na Kosta iliyojaa watu, magunia ya mchele na sufuria za msibani inaweza kuwachelewesha. Vyombo vya jikoni vitangulie kwa gari la mizigo siku moja kabla.

Hatua ya saba: barabara kuu

Kwenye kibao cha 50, iwe 50. Vijiji kati ya Segera na Mombo vimefuatana, na trafiki wa tochi amekaa chini ya mwembe mwanzo wa kijiji, si katikati. Nje ya vijiji Kosta zisizidi 80, na gari ndogo zifuate mwendo wa Kosta. Mwenye gari jipya asiyeweza kuvumilia 80 aondoke mapema peke yake, atawakuta mbele.

Kosa kubwa la misafara ni kubanana. Magari nane yanafuatana kama mabehewa, hayaachi mwanya, basi la nyuma linataka kupita. Dereva wa basi anaingia upande wa pili akidhani anapita magari mawili, anagundua ni manane, lori linatokea mbele, na hana pa kurudi. Hapo mmemtengenezea ajali ninyi. Gawanyikeni vikundi vya magari matatu matatu, kati ya kikundi na kikundi pawe na nafasi ya kuingia basi zima na zaidi. Ndani ya kikundi, dereva achague nguzo iliyo mbele. Gari la mbele likiipita, ahesabu moja, mbili, tatu taratibu kabla naye hajaifikia. Kwa mwendo wa 80 gari hula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo hapo ana mita zaidi ya 60 za kufunga breki. Mvua ikinyesha ahesabu hadi tano.

Gari jingine likiingia katikati yenu, mwacheni. Msimpigie honi, hajaingilia maziko.

Kila saa mbili simameni sheli, siyo barabarani. Watu washuke, wanyooshe miguu, wanywe maji. Hesabu vichwa kila gari kabla ya kuondoka, kwa sababu msibani watu hubadilishana magari bila kuaga. Gari likiharibika, kikundi chake tu ndicho kinachobaki. Pembetatu ziwekwe mbali nyuma na mbele, abiria washuke wote wakae mbali na lami, upande wa bondeni. Gari la maiti liendelee na kikundi chake hadi kituo kinachofuata.

Hatua ya nane: kufika, na kutembea kwa miguu

Ukiacha barabara kuu pale Himo na kuanza kupandisha, mpigie simu mwenyeji mmoja awangojee. Vijijini wengi hujitokeza barabarani kuupokea mwili kwa nyimbo, watoto wakikimbia kandokando ya magari. Mwendo wa mtu kutembea, vioo wazi, na mtu mzima mmoja atangulie kwa miguu mbele ya gari la kwanza. Magari yaegeshwe upande mmoja tu wa barabara ya kijiji, tayari yamegeuzwa kuelekea kutokea. Mgonjwa akizidiwa makaburini asikwamishwe na Noah ya mjomba.

Pwani mambo ni mafupi zaidi. Jeneza hubebwa mabegani kutoka msikitini, waume wanapokezana kila hatua chache, na anayepita njia huingia akasaidia. Msafara wa miguu barabarani ushike kushoto, upande magari yanakoelekea, usitawanyike hadi mstari wa katikati. Mtu mmoja atangulie hatua nyingi mbele, mwingine abaki nyuma kabisa, kila mmoja na kitambaa cha rangi kali. Giza likiingia, wa mbele awe na taa nyeupe na wa nyuma nyekundu; tochi ya simu ikielekezwa chini haionekani na dereva wa mbali. Kwenye kuvuka barabara kubwa, vukeni wote kwa pamoja baada ya magari kusimama kweli. Msianze kuvuka kwa sababu tu mmesikia breki.

Hatua ya tisa: kurudi

Kikao kinachopanga kwenda hakipangi kurudi. Watu wamezika, wamekula, mzigo wa moyo umeshuka kidogo, na kila mmoja anataka awe kazini Jumatatu. Tarehe 8 Agosti 2025 mjini Kisumu, basi lililokuwa likiwarudisha waombolezaji kutoka mazishini Nyahera lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, eneo la Mamboleo, na zaidi ya watu 20 walifariki. Walikuwa wamekwisha kuzika.

Kwa hiyo ratiba ya kurudi iandikwe Dar, pamoja na ya kwenda. Hakuna kuondoka siku ya maziko baada ya saa nane mchana. Dereva asionje mbege wala bia ya kijiji, hata akisihiwa na mzee mwenye nyumba. Mwenye usafiri ndiye anayemkatalia kwa niaba yake, maana dereva mwenyewe ataona aibu. Malipo ya dereva yawe na fungu la mwisho linalolipwa mkifika, siyo yote mkianza, na posho yake ya kulala iwe ndani ya bajeti ili asijibane kurudi usiku.

Gari la maiti likirudi tupu, dereva wake ataombwa lifti njia nzima, na mahali palipokuwa na jeneza patatosha watu sita. Mwambie mapema kwamba hapandishi mtu. Gari hilo halina viti wala mikanda nyuma, halikukatiwa leseni ya abiria, na mwenye kampuni akisikia ndiye atakayewadai ninyi mliokodi.